Moto wa Juu na Moto wa Chini: Piza katika Majiko ya Kibiti na Delta ya Rufiji

Piza, kwa maana inayokubalika mjini Naples nchini Italia ambako chakula hicho kilipata sura yake ya leo, ni mkate bapa wa unga wa ngano ulioumuliwa, ukapakwa nyanya, ukatiwa vikolezo vichache, kisha ukaokwa kwa muda mfupi katika tanuri yenye moto mkali. Ukali wa moto huo haukuachwa kuwa jambo la kukisia, kwani kanuni za Umoja wa Ulaya zilizotolewa mwaka 2010 kuilinda piza ya Naples zinataja sakafu ya tanuri yenye joto la karibu nyuzi 485 za Selsiasi na muda wa kuoka wa sekunde 60 hadi 90 tu. Na ustadi wa mafundi wanaoioka kwa namna hiyo uliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Oveni ya umeme ya nyumbani kwa kawaida huishia nyuzi 250 au zaidi kidogo, na hiyo ndiyo sababu piza nyingi zinazookwa majumbani, iwe London au Dar es Salaam, hutoka zikiwa zimekauka pembeni, zimelowa katikati na kupauka rangi.

Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuipata piza iliyo bora katika nyumba ambazo aghalabu hazina oveni kabisa, yaani nyumba za mji wa Kibiti, ulio takribani kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam katika barabara iendayo Lindi, na za vijiji vya delta ya Rufiji kama Nyamisati, Mbwera na Salale, ambako mto hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Huko piza huhesabiwa kuwa chakula cha hoteli na cha wageni, na anayetaka kuijaribu nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya oveni, ilhali jambo analolihitaji zaidi, ambalo ni moto unaotoka juu na chini kwa wakati mmoja, limo katika mapishi ya pwani tangu zamani na lina jina lake. Jina hilo ni kupalia, yaani kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko wa chombo kilichotelekwa ili chakula kiive kwa pande zote mbili. Wali hupaliwa unapokaribia kukauka. Mkate wa kumimina, ambao hutengenezwa kwa mchele uliorowekwa na kusagwa pamoja na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, hauwezi kuiva vizuri wala kupata rangi ya hudhurungi kwa juu bila kupaliwa, na kwa kuwa bonde la Rufiji ni bonde la mpunga, mkate huo si mgeni kwa Wandengereko wa Kibiti wala kwa Wanyagatwa wa delta.

Tofauti iliyopo kati ya kupalia mkate wa kumimina na kupalia piza ni ya kipimo. Mkate wa kumimina ni mnene na una sukari, kwa hiyo hutaka moto wa wastani na subira, la sivyo utaungua nje kabla ya kuiva ndani. Piza ni nyembamba, haina sukari, na hutaka moto mkali wa muda mfupi, kwa sababu kadiri inavyokaa motoni ndivyo maji yake yanavyopotea na mkate kugeuka kuwa kaukau. Rangi ya hudhurungi na harufu ya mkate uliookwa hutokana na mmenyuko, yaani mabadiliko ya kikemia, kati ya protini na sukari asilia za unga, ambao huanza kwenda kwa kasi uso wa mkate unapofika karibu nyuzi 140. Uso uliolowa haufiki huko, kwa kuwa maji yakishafika nyuzi 100 hubaki katika joto hilo hadi yageuke mvuke, na kazi ya kuyageuza ni kubwa mno: nishati inayohitajika kugeuza gramu moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni zaidi ya mara tano ya ile iliyotumika kuyapasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Anayerundika nyanya mbichi, vitunguu, pilipili hoho, nyama na jibini juu ya mkate mmoja kwa kudhani kwamba wingi ndio utamu, huwa ameuelekeza moto wote katika kukausha maji ya vitu hivyo, na unga ulio chini yake hubaki mweupe na wa kunata.

Chombo kinachofaa zaidi ni kikaango kizito cha chuma, kile cha kupikia chapati, kwa sababu chuma kinene hutunza joto na kulitoa kwa usawa, tofauti na sufuria nyembamba ya alumini ambayo huunguza mahali palipoguswa na kaa na kuacha mahali pengine pabichi. Kikaango hutelekwa juu ya jiko la mkaa na kuachwa kipate moto kikiwa kitupu, mpaka tone la maji likidondoshwa lirukeruke na kupotea mara moja. Mfuniko nao huhitaji kufikiriwa. Ule mwembamba wa alumini huweza kujikunja ukibebeshwa makaa yanayopepewa, na kipande cha bati la kuezekea, ambacho wengi hukiona kuwa ndicho kilicho karibu, hakifai hata kidogo, maana mabati hayo yamepakwa zinki, madini yanayoyeyuka kwa joto la nyuzi 420 hivi na ambayo moshi wake humdhuru anayeuvuta. Sinia la chuma tupu au kikaango cha pili kilichofunikizwa hufanya kazi hiyo kwa usalama. Makaa ya juu yazidi ya chini, pengine kwa mafungu mawili kwa moja, kwa sababu joto la chini huufikia mkate moja kwa moja kupitia chuma unacholalia, ilhali la juu hulazimika kuvuka nafasi ya hewa kwa mnururisho, yaani kwa kuangaza kama jua linavyoangaza ardhi, na nguvu yake hupungua kadiri mfuniko unavyokuwa mbali. Nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya mfuniko na uso wa piza yatosha. Kutumia sufuria ndefu kwa kazi hii ni kupoteza mkaa.

Kuhusu kuni na mkaa, pana jambo ambalo halifai kupitwa kimya katika mazungumzo yanayoitaja delta. Msitu wa mikoko wa Rufiji, uliokadiriwa mwishoni mwa karne iliyopita kuwa na hekta zipatazo 53,000, ndio mkubwa kuliko mingine ya aina yake katika mwambao wa Afrika Mashariki, umehesabiwa kuwa hifadhi tangu enzi ya utawala wa Wajerumani, na mwaka 2004 uliingizwa, pamoja na Mafia na Kilwa, katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mkaa wa mikoko una moto mkali na wa kudumu, na hilo ndilo linaloutamanisha; lakini piza haihitaji moto wa kudumu. Vifuu vya nazi, ambavyo katika nyumba nyingi za pwani hutupwa au kuwashiwa moto wa kuchemshia maji, hushika haraka, hutoa makaa makali na huisha upesi, na kwa hiyo vinaifaa piza kuliko mkaa wowote wa gharama. Kazi hii ifanyike uani au chini ya paa lililo wazi pande zote, kwa kuwa makaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Unga ndio sehemu ya pili ya kazi, na hapo ndipo mapishi ya vitabu vya Ulaya humpotosha mpishi wa pwani. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa majiko yenye joto la nyuzi 20 au chini ya hapo, wakati mchana wa Kibiti mara nyingi hufika nyuzi 30. Na kwa kuwa hamira, ambayo ni vijidudu hai vya jamii ya kuvu vinavyokula sukari ya unga na kutoa hewa ya ukaa, hufanya kazi karibu mara mbili kwa kila ongezeko la nyuzi kumi hivi, kipimo cha kijiko kimoja au viwili vya chai kinachoelezwa katika vitabu hivyo huufanya unga uumuke kwa saa moja, uchachuke, upoteze nguvu na kunuka hamira. Mazoea ya maandazi nayo yana lawama yake hapa, kwani andazi lina sukari, iliki na mafuta ya kukaangia vya kuifunika harufu hiyo, na piza haina. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, robo kijiko cha chai cha hamira ya chenga yatosha kabisa katika joto la pwani, mradi unga uachwe kwa saa tano au sita. Na anayeukanda usiku ili auoke kesho yake mchana na atumie nusu ya kiasi hicho, au auhifadhi katika jokofu kama analo. Muda huo hauendi bure. Katika saa hizo vimeng'enya, yaani kemikali asilia zinazovunjavunja vitu vilivyomo katika unga, hubadili sehemu ya wanga kuwa sukari ambayo baadaye itausaidia mkate kupata rangi, na utando wa glutini, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike, hulegea na kuwa rahisi kutanuliwa bila kukatika.

Maji huwekwa kiasi cha gramu 310 kwa nusu kilo hiyo, yaani pungufu kidogo ya theluthi mbili za kikombe kikubwa cha nusu lita ukipenda kukadiria kwa chombo kuliko kwa mizani lakini bila kukijaza hata kidogo zaidi, na unga unaopatikana, ambao Waswahili huuita kinyunya, utakuwa laini na wa kunata kidogo kuliko ule wa chapati; mpishi asishawishike kuongeza unga mkavu, kwa kuwa unga wa kunata hukoma kunata wenyewe ukipumzishwa dakika ishirini na kukandwa tena. Chumvi ni gramu kumi, ambazo ni karibu vijiko viwili vya chai visivyojaa. Katika baadhi ya vijiji vya delta, hata hivyo, kipimo hicho hupaswa kupunguzwa, kwa kuwa maji ya bahari yanapojaa huingia mbali ndani ya mikono ya mto, hasa wakati wa kiangazi mto unapopungua, na visima vikawa na maji ya chumvi. Chumvi ikizidi huichelewesha hamira na kuukaza unga, na mpishi asiyelijua hilo atailaumu hamira ya dukani bila sababu. Njia iliyo rahisi ni kuyaonja maji kabla ya kukanda.

Kinyunya kikishaumuka hukatwa madonge matatu yenye uzito wa gramu 270 hivi kila moja, yakafunikwa kwa kitambaa kibichi na kuachwa saa moja zaidi. Kulitanua donge ni kazi ya vidole, si ya mti wa kusukumia chapati, kwa sababu mti huo huzitoa hewa zote ambazo hamira imezitengeneza kwa saa nyingi, na ukingo wa piza, ambao unatakiwa ufure na kuwa na matundu, hubaki bapa na mgumu. Vidole huanzia katikati na kusukuma kuelekea nje, vikikoma upana wa kidole gumba kabla ya kufika ukingoni.

Vitu vya kuweka juu ndivyo wengi huviwazia kwanza, na kwa kweli ndivyo vyenye uzito mdogo kuliko vyote, ingawa delta ina neema ambayo wapishi wa Naples wenyewe wangeitamani. Kamba wa Rufiji huzaliwa baharini, huingia wakiwa wachanga sana katika vijito vya mikoko kwa msaada wa maji kujaa, hukulia humo penye chakula na maficho, kisha hurudi baharini wakiwa wamekaribia kukomaa. Kwa hiyo kamba na mikoko haviwezi kutenganishwa, na mkaa wa mikoko ni kamba waliopotea. Kamba wa kuwekwa juu ya piza wamenywe maganda, mshipa mweusi wa mgongoni utolewe, wakaushwe kwa kitambaa, wapitishwe kwenye mafuta ya moto na kitunguu saumu kwa muda usiozidi dakika moja hadi wabadilike rangi tu, na maji watakayotoa yamwagwe au yarudishwe kwenye nyanya. Wakiwekwa wabichi hulowesha mkate, na wakiwekwa walioiva kabisa hutoka motoni wakiwa wagumu kama mpira. Nyama ya kaa wa mikoko iliyochemshwa na kuchambuliwa hufaa vilevile na haina taabu hiyo ya maji.

Nyanya za sokoni zina maji mengi kuliko zile ndefu zenye nyama nyingi ambazo Waitaliano huzitumia, na hivyo hazifai kupondwa na kupakwa mbichi. Hukwaruzwa, huchujwa, na rojo linalobaki hupikwa kwa moto mdogo pamoja na chumvi mpaka mwiko ukipitishwa katikati uache njia isiyojifunga upesi. Vijiko vitatu vya rojo hilo vyatosha piza moja.

Jibini huleta mashaka zaidi. Ile laini ya mozarela hutengenezwa pia hapa nchini, lakini inaposafirishwa hadi Kibiti, na zaidi kwa mashua hadi vijiji vya delta ambako jokofu ni adimu, bei na hali yake havitabiriki. Hapa msikilizaji na afahamu jambo ambalo wauza piza hawalitangazi, kwamba kanuni hizo za Umoja wa Ulaya zinatambua Margherita na Marinara kuwa aina za piza ya Naples, na Marinara haina jibini hata chembe, ila nyanya, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na majani makavu ya oregano. Kuikosa jibini, kwa hiyo, si kuikosa piza. Na palipo na nazi pana njia nyingine inayostahili kujaribiwa: tui zito la mkamuo wa kwanza hutelekwa peke yake pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi, likakorogwa bila kuachwa, na mpishi alitazame kwa makini, maana mwanzoni hutoa povu jepesi, kisha mapovu huwa mazito na kupasuka polepole, kisha duara jembamba la mafuta yanayong'aa huonekana pembezoni mwa chombo. Wakati huohuo liondolewe motoni. Likipakwa jembamba chini ya kamba hutoa utamu na mafuta ambayo jibini ingetoa, bila kuvutika kama jibini.

Kuhusu majani ya kunukia, mrihani unaopandwa uani katika nyumba za pwani na kuingia katika vikuba wanavyovaa wanawake kwa ajili ya harufu ni wa jamii moja na ule unaotiwa katika piza ya Naples, ingawa aina nyingi za huku zina harufu kali zaidi. Majani mawili au matatu yaliyochanwachanwa na kuwekwa baada ya piza kuiva hayatamkera mlaji. Kivumbasi ni ndugu wa mrihani, lakini kazi yake ni kufukuza mbu na kiachwe katika kazi hiyo.

Pana wanaoamini kwamba pwani ina piza yake tayari, nao huitaja ile inayouzwa jioni katika bustani ya Forodhani mjini Zanzibar. Hiyo ni chapati nyembamba inayokunjwa juu ya nyama ya kusaga, yai na kitunguu, kisha hukaangwa kwa samli juu ya bamba la chuma; ni chakula kizuri, lakini ni jamaa ya mkate wa mayai na mutabaki wa Waarabu, na mbinu zake haziwezi kumsaidia anayetaka kuoka mkate ulioumuliwa.

Uokaji wenyewe huenda haraka, na kila kitu lazima kiwe tayari kabla donge halijagusa chuma. Makaa ya mfuniko yawe yamekwisha kukolea. Donge lililotanuliwa hulazwa katika kikaango cha moto kisicho na mafuta, rojo na vikolezo hupakwa upesi likiwa humohumo, mfuniko ukawekwa na kupaliwa. Baada ya dakika tano hivi mfuniko huinuliwa kwa koleo, kwa uangalifu ili majivu yasidondoke, na kilicho chini hutazamwa kwa kuinua ukingo: chini pakiwa na madoa ya hudhurungi na juu bado pamepauka, kikaango huondolewa jikoni na kuwekwa chini, mfuniko na makaa yake vikiachwa vimalize kazi kwa dakika mbili tatu; juu pakitangulia, makaa ya mfuniko hupunguzwa. Piza iliyoiva huwekwa kwenye ungo au wavu badala ya sahani, ili mvuke utoke chini na usiirudishe kuwa laini.

Wenye majiko ya gesi, ambao idadi yao inatarajiwa kuongezeka kwa kuwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwisho wake, hawana makaa ya kupalia. Kwao kikaango cha pili cha chuma kizito hupashwa moto sana kwanza, kikawekwa kando, kisha kikafunikizwa juu ya kile chenye piza, na joto lililohifadhiwa katika chuma hicho hufanya kazi ya makaa, ingawa kwa nguvu pungufu na huenda kikahitaji kurudishwa motoni mara moja. Wenye umeme na oveni ndogo nao, wakiutumia umeme ambao sasa unafuliwa juu ya mto huohuo wa Rufiji katika bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hunufaika kwa kuweka kikaango hicho cha chuma ndani ya oveni kwa nusu saa kabla ya kulilaza donge.

Anayeanza na aanze na nyanya, kitunguu saumu na mafuta kidogo tu, akaiacha jibini dukani na kamba katika ndoo, mpaka mkate wenyewe umtoke ukiwa umefura ukingoni na una madoa ya hudhurungi juu na chini. Akishaupata huo, ndipo awatie kamba.